Springi Bila Shokapu

Kwa karibu miezi minne watu wa nyumbani kwangu walikuwa wakitembea kwa vidole. Hapakuwa na mgonjwa wala mtoto mchanga aliyelala. Santuri ilikuwa inacheza, na mtu akikanyaga ubao mbaya, sindano inaruka mifereji mitatu minne na mwimbaji anarudia ubeti aliokwisha kuuimba. Mwanangu wa mwisho, wakati huo ana miaka sita, alijifunza kupita sebuleni ameshikilia ukuta kama mtu anayevuka mto kwa kamba. "Baba, nimepita na haikuruka," ananiambia, kana kwamba amefaulu mtihani.

Aibu yenyewe ni kwamba balaa hilo nililileta mwenyewe. Kabla sijaanza "kuboresha" mashine yangu, sindano iliruka mara moja moja tu, mtu akidondosha kitu kizito. Nikasoma hapa na pale kwamba mtetemo ni adui wa sauti, nikaamua kumtangazia vita. Nikakata vipande vinne vya sponji nene, nikaviweka chini ya mashine, kila pembe kipande chake, nikakaa kusikiliza. Besi ilikuwa imevimba. Nikajiambia hiyo ndiyo raha yenyewe. Kisha mke wangu akapita na ndoo, na sindano ikaruka hadi katikati ya santuri.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi wa redio na amplifaya, aliyestaafu kazi ila mikono yake haikustaafu. Hakusikiliza hata wimbo mmoja. Aliinama, akabonyeza pembe ya mashine kwa kidole kimoja, akaachia. Mashine ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, kama mtumbwi uliofungwa gatini. Akahesabu kimoyomoyo mpaka ikatulia.

"Mwanangu," akasema, "hapa umeweka springi, hujaweka shokapu."

Gari likiingia kwenye shimo, springi huupokea mshtuko na kuuweka. Asiyekuwa na shokapu nzima atauona mshtuko huohuo ukimrudia mita hamsini mbele, gari likicheza ngoma barabarani. Springi hukopa nguvu na kuirudisha. Shokapu huila na kuigeuza joto. Sponji zangu zilikuwa springi karibu tupu, na nilikuwa nimeziita dawa ya mtetemo kwa sababu tu ni laini ukizishika. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitenganisha kazi mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni kutenga: kuzuia mtetemo wa sakafu usipande kwenye mashine, au wa spika usishuke kwenye sakafu. Ya pili ni kufifisha: kuuchukua mtetemo uliokwisha kuingia ndani ya kitu na kuuchosha mpaka ufe. Vifaa vya kazi hizi mbili mara nyingi vinafanana kwa macho na hata kwa mkono, lakini kinachofanya ya kwanza vizuri kinaweza kabisa kushindwa ya pili.

Baada ya fundi kuondoka nilikaa na rula na karatasi. Kitu chochote kilichokaa juu ya kitu laini kina mwendo wake kinaoupenda, yaani masafa ambayo ukikigusa tu ndiyo kitakayochezea. Kuyakadiria hakuhitaji maabara: pima milimita ambazo ile laini imebonyea kwa uzito wa mashine, tafuta kipeuo cha pili cha namba hiyo, kisha gawanya 15.8 kwa jibu ulilopata. Ikibonyea milimita 1, unapata hezi 16 hivi, yaani mitetemo kumi na sita kwa sekunde. Milimita 4, hezi 8. Sentimita nzima, hezi 5. Sponji zangu zilikuwa zimebonyea milimita 3, ambazo kwa hesabu hiyo ni hezi 9. Na kwa kuwa sponji na mpira huwa vigumu zaidi vinapotikiswa haraka kuliko vinapolaliwa polepole, namba ya kweli huwa juu kidogo. Tuseme 10.

Sasa mkono wa sindano. Huo nao ni uzito uliokaa juu ya springi, springi yenyewe ikiwa ni kile kishikizo kidogo cha mpira kinachoibeba sindano ndani ya kichwa chake. Hapa hesabu huanzia kwenye 159, unayoigawanya kwa kipeuo cha pili cha gramu za mkono na kichwa zikizidishwa kwa namba ya ulegevu wa sindano, ambayo huandikwa kwenye karatasi inayokuja nayo. Mkono wangu ni gramu 11 kwa hesabu ya uzito unaosikika kwenye ncha, kichwa na skrubu zake gramu 7, ulegevu 14. Kumi na nane mara kumi na nne ni 252, kipeuo chake ni karibu 15.9, na jibu ni hezi 10.

Hezi 10 si kosa. Ndiyo namba inayotakiwa. Watengenezaji hupenda iangukie kati ya 8 na 12, kwa sababu chini ya hapo kuna fujo za santuri yenyewe. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika hukamilisha mizunguko 0.56 tu kwa sekunde, na ikiwa imepinda, kupanda na kushuka kwake huwa ni hezi chache tu. Juu, kuanzia hezi 20 hivi, ndipo muziki unapoanza. Kwa hiyo pale kwenye 10 ni kiwanja kitupu katikati ya mitaa miwili yenye kelele, na mhandisi ameuficha udhaifu wa mkono hapo akitumaini hakuna atakayepita. Mimi nikaenda nikajenga kibanda changu kwenye kiwanja hichohicho. Sakafu yangu ni ya mbao zilizolazwa juu ya boriti, na sakafu za namna hiyo nazo hupenda kucheza kuanzia hezi 8 hivi kwenda juu. Mtu anakanyaga, sakafu inacheza, sponji zinauchukua mchezo ule na kuukuza, mkono unaupokea ukiwa umekua na kuukuza tena. Sindano ingefanya nini zaidi ya kuruka?

Siku hizi, kabla sijaweka kitu chochote laini chini ya mashine, najiuliza laini hiyo inafanya kazi kuanzia wapi. Springi haitengi chochote hadi mtetemo uvuke mara 1.4 ya masafa yake yenyewe. Chini ya hapo inapitisha, na ikikaribia masafa yake inakuza. Ikifika mara mbili, theluthi moja ya mtetemo bado inapita. Mara tatu, sehemu moja ya nane. Kwa hiyo sponji yangu ya hezi 10 ilianza kusaidia kidogo juu ya hezi 14, na ikafanya kazi ya maana kuanzia 30. Nyayo za watu hazina habari na hezi 30.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1961 kampuni ya Acoustic Research ya Marekani ilitoa mashine ya santuri iliyobuniwa na Edgar Villchur, mtu yuleyule aliyekuwa amekwisha kubadili namna spika ndogo zinavyotoa besi. Alifanya kitu ambacho ukikieleza kinaonekana cha kitoto: sahani inayozungusha santuri na mkono wa sindano alivifunga kwenye kipande kimoja cha chuma, akakining'iniza kipande hicho kwa springi tatu laini, na mota akaiacha upande wa pili, ikiungana na sahani kwa mkanda wa mpira peke yake.

Nilichukua muda kuelewa kwa nini sahani na mkono lazima vikae pamoja. Sindano haisomi mtetemo, inasoma tofauti. Inapima jinsi mfereji unavyosogea ukilinganisha na kichwa kilichoishika. Mfereji na kichwa vikipanda pamoja milimita nzima, umeme unaotoka ni sufuri. Kimoja kikisogea sehemu ndogo ya maikromita bila mwenzake, unasikia. Na mifereji ya santuri ina sauti hafifu kabisa ambazo upana wa msogeo wake haufiki maikromita moja, wakati unywele wa binadamu ni makumi ya maikromita. Kwa hiyo Villchur hakuhangaika kuzuia mashine isitembee. Alihakikisha vile viwili vinatembea kama mtu na kivuli chake.

Nami nikajaribu njia ya springi laini kwelikweli. Nilichukua tyubu ya baiskeli ya mtoto, nikaipuliza nusu, nikaiweka chini ya ubao mzito, na mashine juu ya ubao. Hewa ni springi nzuri sana kama hujaijaza mpaka ikawa ngumu. Nilipoubonyeza ubao ukaelea taratibu, kama mara nne kwa sekunde. Kwa hesabu, kwenye hezi 10 mtetemo uliopita ulikuwa kama sehemu moja ya tano, na kwenye hezi 30 haukufika hata sehemu moja ya hamsini. Besi ilisafika papo hapo. Ule uvimbe niliokuwa nikiuita raha ukatoweka, na nyuma yake nikasikia magitaa mawili nilikokuwa nasikia moja. Ila kila nilipoinua mfuniko mashine iliyumba kama jahazi, na tyubu ilikuwa ikipungua upepo siku baada ya siku hadi nikajikuta napuliza tyubu kabla ya kusikiliza muziki. Mtoto alifurahi sana, mimi sikufurahi hivyo.

Kilichomaliza kesi ni kitu kisicho na siri yoyote: rafu ya ukutani. Ukuta wa matofali hautikiswi na mtu anayetembea. Nilifunga mabano mawili ya chuma kwa nati za kupanuka, nikaweka ubao juu yake, na sindano haikuruka tena. Kama sakafu yako ni ya mbao na ukuta wako ni wa tofali, unaweza kuishia hapa kusoma ukaenda kutafuta mashine ya kutoboa. Kama sakafu yako ni zege lililolala ardhini, huenda huna ugonjwa huu kabisa, na kuuwekea dawa ni kujitafutia mwingine.

Lakini ubao wenyewe wa rafu ulikuwa unalia. Nikiugonga kwa kifundo cha kidole ulitoa *ting* iliyodumu. Hapo kazi ya kutenga ilikuwa imekwisha na kazi ya kufifisha ndiyo ilianza, kwa sababu sauti ya spika inapita hewani, inaupiga ubao, na ubao unaitika kwa nota yake unayoipenda.

Namna bora ninayoijua ya kunyamazisha ubao ni kuufanya mkate wa tabaka tatu: bamba gumu, utando mwembamba wa kitu chenye kunata na kunyumbulika, kisha bamba gumu tena. Ubao ukijaribu kupinda, bamba la juu linavutika na la chini linajikunja, kwa hiyo mabamba mawili yanataka kuteleza moja juu ya jingine, na utando ulio katikati unavutwa huku na huku. Kuvutwa huko ndiko kunakogeuza mtetemo kuwa joto, dogo mno kulihisi kwa mkono. Hermann Oberst wa Ujerumani alikuwa amechapisha mwaka 1952 hesabu za njia nyepesi zaidi, ya kupaka tabaka la kufifisha upande mmoja na kuliacha wazi. Mwaka 1959 Edward Kerwin wa Marekani akaonyesha kwa hesabu kwa nini tabaka hilohilo, likifunikwa na bamba, hufanya kazi kubwa zaidi kwa unene mdogo zaidi. Mbinu hiyo imeenea kwenye ndege, meli na magari. Ile karatasi nyeusi yenye uso wa alumini wanayobandika mafundi wa muziki wa magari ndani ya mlango ni ndugu yake wa karibu: butili, aina ya mpira unaonata, ndiyo utando, alumini ndiyo bamba.

Nilichukua mbao mbili za plaiwudi zenye unene sawa. Usawa una maana, maana utando unafanya kazi nyingi zaidi ukiwa katikati kabisa, mahali ambapo msuguano wa kuteleza ni mkubwa. Katikati nikaweka gundi ya aina isiyokauka ikawa ngumu. Hapa wengi huharibu. Wanatumia gundi ya mbao, nzuri, imara, ikikauka inakuwa kama kioo, na mbao mbili zinakuwa ubao mmoja mnene unaolia kwa nota ya juu zaidi. Utando lazima ubaki na uvivu. Nilipogonga ubao mpya ulisema *dup*, basi, hakuna mkia. Niligonga mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mke wangu aliuliza kama nasubiri ufunguliwe.

Baada ya ushindi huo, kama unavyotarajia, nilizigeukia spika.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na sanduku la spika kwa kweli ni debe lililopendezeshwa. Kiwambo, ile koni inayocheza mbele ya spika, kinasukuma hewa mbele, hewa ile ile ya nyuma inasukuma kuta za ndani, na fremu ya spika inarudisha teke kwenye sanduku lenyewe. Teke hilo watu hulihofia kupita kiasi. Kiwambo cha gramu 15 kikisukumwa ndani ya sanduku la kilo 10, sanduku linasogea chini ya sehemu moja ya mia sita ya msogeo wa kiwambo. Tatizo kubwa ni kuta. Ukuta wa pembeni ni mpana kuliko kiwambo mara kadhaa, kwa hiyo hata ukicheza kidogo mno unatoa sauti ya kutosha kusikika, na unaitoa kwa kuchelewa, neno la mwimbaji likiwa limeshakwisha.

Kuna shule mbili hapa na zinavutana mpaka leo. Moja inasema jenga sanduku nene, weka mihimili ndani, ulifanye gumu kama jiwe. Ugumu hauui mvumo. Unausogeza juu, mahali ambapo muziki una nguvu kidogo za kuuamsha, lakini sikio nalo ni jepesi zaidi huko. Shule ya pili iliongozwa na wahandisi wa BBC, Uingereza, akiwemo H. D. Harwood. Wao walitumia plaiwudi nyembamba kiasi na kuibandika kwa ndani mabamba ya lami. Ukuta mwembamba huvuma chini, na kwa kuwa ni mwepesi, lami ina uzito wa kutosha kuutawala. Ukuta mnene wa sentimita mbili na nusu ungeicheka lami ile. Spika yao ndogo ya LS3/5A, iliyobuniwa miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje ambamo hakuna nafasi ya kujinyoosha, ilijengwa kwa njia hiyo, na bado kuna watu wanaozitafuta zilizochakaa kama lulu.

Mimi niko shule ya BBC, kwa sababu ya uvivu zaidi kuliko falsafa. Kukata mihimili ndani ya sanduku lililokwisha kuungwa ni adhabu. Kubandika ni kazi ya jioni moja. Nilifungua wufa, yaani kile kipande kikubwa cha besi, nikatoa pamba, nikagonga kila ukuta kutafuta panapolia zaidi, na karibu kila mara palikuwa katikati ya ukuta, mbali na pembe. Hapo ndipo ukuta unapopinda zaidi, na hapo ndipo kibandiko kinapata kazi. Nilifunika theluthi hivi ya kila ukuta kwa butili yenye alumini, nikaisugua kwa mpini wa bisibisi mpaka ikashika kila mahali. Spika ya pili nilijaribu kujaza ukuta mzima. Sikio langu halikupata tofauti, ila mgongo ulipata tofauti ya uzito wakati wa kuipandisha kwenye stendi.

Naomba hapa niseme neno juu ya ile pamba. Watu wengi wanaamini kwamba pamba au sufi iliyomo ndani ya spika inazuia sanduku lisitetemeke. Haizuii. Kazi yake ni hewa: inachosha mawimbi yanayodunda kati ya kuta za ndani ili yasirudi kupitia kiwambo. Ukuta unaolia utalia vilevile hata ukishindilia pamba mpaka mlangoni, na lami haitafanya chochote kwa mawimbi ya hewa. Nimeona mtu akijaza pamba mara mbili ya inayotakiwa akitafuta kuua mvumo wa ukuta, akaishia kuua besi.

Dutu zenyewe zina tabia kama watu. Lami ni ya bei ya chini na nzito, lakini kwenye joto inalegea na kunuka, na kibandiko kilichobandikwa kwenye mbao zenye vumbi kitaporomoka na kulalia nyaya. Butili ni safi zaidi, inanata bila moto, na kwenye baridi kali inakuwa ngumu na kupoteza ule uvivu wake. Hili si kasoro ya butili peke yake: kila dutu ya namna hii ina ukanda wake wa joto ambamo inakula mtetemo kwa ulafi, na nje ya ukanda huo ama ni kioo ama ni springi. Mchanga mkavu ni mzuri ajabu ndani ya stendi za chuma zilizo wazi katikati, chembe zikisuguana zenyewe kwa zenyewe, mradi uwe mkavu kweli na tundu la chini limezibwa. Niulize nilijuaje habari ya tundu.

Halafu kuna vile visahani laini vya poliurethani vinavyohisiwa mkononi kama nyama. Hivyo ni springi na shokapu kwa pamoja, ndiyo maana vinapendwa. Lakini vinauzwa kwa viwango tofauti vya ulaini, na kila kiwango kina uzito wake. Vikilaliwa vizuri hubonyea kama asilimia 10 hadi 20 ya unene wao. Jozi yangu ya kwanza ilikuwa imekusudiwa kitu kizito mara nne ya mashine yangu, kwa hiyo haikubonyea hata kidogo. Nilikuwa nimenunua vigoroli vya bluu. Jozi ya pili ilikaa sawa, ikafanya kazi, na baada ya mwaka ikaacha duara nne za mafuta kwenye vanishi ya meza. Weka kipande cha kioo au bati katikati.

Na miguu yenye ncha, ile misumari ya chini ya spika? Inasemekana ni vali, kwamba inaruhusu mtetemo ushuke na kuuzuia usipande. Chuma hakijui juu wala chini. Ncha inapenya zulia na kuishika sakafu, spika haiyumbi, hiyo ni faida ya kweli juu ya zege. Juu ya sakafu yangu ya mbao ilikuwa ni kama kuipigia ngoma chumba cha jirani. Niliiondoa, nikaweka visahani, na besi ikapungua kwa kiasi ambacho wiki ya kwanza nilikilaumu na wiki ya pili nikakizoea.

Vifaa vingine havihitaji huruma hii. Amplifaya ya transista haisikii mtetemo wa kawaida wa nyumbani. Kicheza CD kina marekebisho ya makosa yanayoweza kurudisha data iliyopotea kwenye kasoro ya milimita mbili na zaidi kwenye mfereji, kwa hiyo kukiweka juu ya koni za shaba ni urembo, na urembo si dhambi, ila tuuite kwa jina lake. Vali ya amplifaya, ile inayofanana na taa ya kioo, ni kesi tofauti: ndani yake kuna nyavu za waya nyembamba zinazoning'inia, na ukiigonga taratibu kwa penseli baadhi zitalia kwenye spika kama kengele. Pete ya silikoni inayostahimili joto, ikivishwa kwenye kioo, hupunguza hilo, ingawa vali inayolia sana dawa yake ni kuibadili. Transfoma inayonguruma hufanya hivyo kwa mara mbili ya masafa ya umeme, hezi 100 penye umeme wa hezi 50, na kisahani cha mpira chini yake huzuia ngurumo isiingie kwenye sanduku. Ile ya duara usiifunge kwa bolti inayogusa chuma cha sanduku juu na chini kwa pamoja. Utakuwa umeifungia pete ya umeme na itaungua. Na usifungue sanduku lolote la amplifaya ukidhani kuchomoa waya kumetosha, kwa sababu kapasita hubaki na chaji.

Jinsi ya kujua kama umefanya kitu ni rahisi na haina uchawi. Zima mota, weka santuri, shusha sindano juu ya santuri iliyosimama. Fungua sauti polepole, polepole nasema, kwa sababu mlio wa kujirudia ukianza unaweza kuharibu wufa kabla hujafika kwenye kitufe. Gonga meza. Tembea. Unachosikia kwenye spika ndicho kinachoingia kwenye muziki wako kila siku. Ukitaka namba, cheza muziki kwa spika kutoka chombo kingine, rekodi kinachotoka kwenye sindano iliyolala, kisha linganisha kabla na baada. Programu za simu za kupima mtetemo husaidia kwa nyayo na sakafu, lakini kipimo cha simu husoma mara mia moja au mia chache tu kwa sekunde, na kitu kinachosoma mara mia moja hakioni chochote juu ya hezi 50. Kwa kuta za spika tumia kisahani cha piezo, kile kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, kilichobandikwa kwa mkanda.

Ni kwa njia hiyo nilipata kesi yangu ya mwisho. Kila gitaa la besi lilipogusa nota yake ya chini kabisa, karibu hezi 41, kulikuwa na mkwaruzo upande wa kushoto. Nilifungua spika ya kushoto mara mbili. Niliongeza butili. Nilibadilisha visahani. Nilihamisha stendi. Kwa wiki mbili nilipiga nota ileile, nikiweka mkono juu ya kila kitu, na mkwaruzo ukabaki palepale. Jioni moja mwanangu, ambaye sasa anakimbia sebuleni apendavyo, alisimama mbele ya ukuta akainua kidole kuelekea picha ya harusi yetu. "Baba, hii inacheka." Nikabandika vipande viwili vya nguo nzito nyuma ya fremu, nikakaza msumari.